Wa jirani amekakamaa miguu, wangu anajinyonganyonga: mbona wote wameambiwa mtindio wa ubongo?

*"Shikamoo daktari. Nina mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minne. Alizaliwa kawaida, kilo 3.1, akalia vizuri, kesho yake tukaruhusiwa. Siku ya tatu macho yakawa ya manjano, tukaambiwa tumwanike jua la asubuhi. Siku ya sita akaacha kunyonya, akawa analia kwa sauti nyembamba na kujipinda mgongo kwa nyuma. Hospitali aliwekwa kwenye taa za bluu siku nne, tukarudi nyumbani tukijua yameisha. Sasa shingo haijashika, hakai, mikono na miguu inajinyonganyonga yenyewe, na akifurahi ndiyo mwili wote unakaza. Kliniki wamesema ni mtindio wa ubongo. Jirani yangu ana binti aliyezaliwa na miezi saba, naye wamesema hivyo hivyo, lakini anakaa, anaongea, anatembea kwa ncha za vidole akishika ukuta. Nataka nimpe wangu dawa anayotumia yule. Mama mkwe anasema ni mashetani, na kwamba mkosi uliletwa na nguo za kaka yake tulizozitoa sandukuni tukamvisha. Wengine wanasema akili haipo. Je, atapona? Atatembea? Nina mimba ya miezi minne, usingizi siupati. Nipo Tanga."*

Marahaba mama, na pole. Umebeba kwa miezi 16 mtoto ambaye shingo haijashika, na kila anayeingia mlangoni ana lake la kusema. Nilivyokuelewa, kubwa linalokusumbua ni hili: inakuwaje watoto wawili wa mtaa mmoja wapewe jina moja la ugonjwa na hawafanani hata kidogo, na je, kinachomsaidia wa jirani kitamfaa na wako? Naanzia hapo, kwa sababu majibu ya maswali yako mengine yanategemea hilo.

Mtindio wa ubongo, ambao wengine huuita kupooza kwa ubongo, ni jina linalobeba hali nyingi. Linasema jambo moja tu: ubongo uliumia ukiwa bado mchanga, iwe tumboni, wakati wa kuzaliwa au utotoni, na jeraha hilo limevuruga namna mwili unavyojongea na kujishikilia. Halisemi nini kiliumiza, wala sehemu gani iliumia, wala kwa kiasi gani. Chukua nyumba mbili zilizo gizani usiku. Moja waya umekatika kwenye nguzo, nyingine uniti za luku zimeisha. Mpita njia ataona giza lile lile, lakini ukinunua uniti kwa ajili ya ile yenye waya uliokatika, taa haitawaka. Ndiyo maana nakuomba usiazime dawa ya mtoto wa jirani, hata kijiko kimoja.

Tumtazame kwanza binti wa jirani. Kuzaliwa na miezi saba kunaeleza mengi. Katikati ya ubongo kuna vyumba vyenye maji, na kandokando yake hupita nyuzi zinazopeleka amri kutoka juu ya ubongo kwenda kwenye misuli. Kwa mtoto njiti eneo hilo bado ni laini mno, damu ikipungua kidogo tu au mshipa ukivuja, linaumia. Nyuzi za miguu ndizo zilizo karibu zaidi na vyumba hivyo, za mikono ziko mbali kidogo, za uso na mdomo mbali zaidi. Kwa hiyo miguu inaathirika kwanza, mikono inapona nusu, na maneno yanabaki mazima. Misuli inakosa ile sauti kutoka juu inayoiambia ilegee, inabaki imekaza muda wote, kisigino kinapanda, magoti yanakutana, mtoto anatembea kwa vidole. Hii ni aina ya kukakamaa, nayo ndiyo yenye watoto wengi kuliko zote.

Kukakamaa nako kuna sura zake. Kwa mwingine ni miguu miwili kama huyo binti, kwa mwingine mikono na miguu yote minne pamoja na shingo na kumeza. Kwa mwingine ni upande mmoja tu, mkono na mguu, na hapo mara nyingi chanzo ni kiharusi ambacho mtoto alikipata tumboni bila mtu kujua. Dalili yake ya mapema watu huifurahia: mtoto wa miezi sita au minane anashika kila kitu kwa mkono mmoja tu, wanasema huyu atakuwa wa mashoto. Kabla ya mwaka mmoja mtoto hapaswi kuchagua mkono. Akichagua, apelekwe kuonwa. Ipo pia aina ya kuyumba, inayotokana na ubongo wa nyuma, mtoto anapepesuka na mkono unatetemeka akinyoosha kushika kikombe. Hii ni chache kuliko nyingine. Na wapo walio na mchanganyiko.

Sasa mwanao. Mama, hadithi uliyoniandikia ni ya namna ambayo madaktari wa watoto huitambua kabla hawajamgusa mtoto: manjano, kuacha kunyonya, kilio chembamba, mgongo kupinda nyuma, na baada ya miezi kadhaa mwili unaojinyonganyonga. Sijampima kwa mikono yangu, kwa hiyo daktari atakayemwona ndiye atakayethibitisha, lakini kila ulichoandika kinaelekea kwenye ubongo ulioumizwa na manjano.

Manjano hayo, ambayo hayana uhusiano wowote na ile homa ya manjano inayoletwa na mbu, yanatokana na bilirubini. Ni mabaki ya chembe nyekundu za damu zinapovunjika, na ini ndilo huyasafisha. Ini la mtoto mchanga bado halijazoea kazi, hivyo watoto wengi hupata manjano kidogo, hufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya tano, kisha huisha. Lakini damu ikivunjika kwa kasi, bilirubini hujaa kuliko ini linavyoweza kuisafisha, hupenya hadi kwenye ubongo na kutua mahali maalumu: kwenye viini vilivyo ndani kabisa, vinavyochuja amri za mwili. Kazi ya viini hivyo ni kuruhusu msuli unaotakiwa na kuzuia isiyotakiwa. Vikiumia, kizuizi kinaondoka. Mwanao akitaka kushika kidole chako, amri inatoka sawasawa, lakini njiani inaamsha mgongo, shingo, mdomo na mguu wa upande wa pili. Misuli yake ina nguvu zake, ila inaitikia yote kwa pamoja. Ndiyo maana muda huu analegea, muda huu amekaza kama ubao, na akifurahi au akishtuka ndiyo anajipinda zaidi. Akilala usingizi, mwili hutulia kabisa. Nadhani hilo umeliona.

Mama mkwe analiona pia, na nina hakika ndilo linalompa wazo la mashetani: kitu kinakuja, kinampinda mtoto, kinaondoka akilala. Usigombane naye. Macho yake yameona sawasawa. Mweleze kwamba usingizini ubongo huacha kutuma amri za kujongea, na pasipo amri hakuna cha kuvurugika. Mwombe tu jambo moja: pasiwe na chale, mafusho wala dawa za kunywa. Mtoto asiyemeza vizuri akinyweshwa kwa nguvu, kinachoingia mapafuni kinaweza kumuua.

Hapo hapo kuna kosa ambalo hata sisi wahudumu wa afya hulifanya: kujipinda huku hudhaniwa ni degedege, mtoto akaanzishiwa dawa za kifafa asizozihitaji, zikamlegeza na kumlaza. Wapo kweli wenye mtindio wa ubongo wanaopata kifafa pia. Njia rahisi ya kutusaidia kutofautisha ni simu yako. Akianza kujipinda, rekodi video ya dakika moja, macho yake yaonekane, mwite jina tuone kama anakutazama. Video hiyo itamwambia daktari mengi kuliko maelezo ya nusu saa.

Kuhusu akili, neno lenyewe limetuponza. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku "mtindio wa ubongo" hutumika pia kwa mtu ambaye akili haikukua, basi mtoto akipewa jina hili kliniki, mtaa mzima unasikia "hana akili". Ni vitu viwili tofauti. Takriban nusu ya watoto wenye mtindio wa ubongo wana shida ya kuelewa pia, na nusu hawana. Wale ambao ubongo uliumizwa na manjano mara nyingi wamo katika wasio nayo, kwa sababu sehemu ya juu ya ubongo, inayofikiri, kwa kawaida huachwa nzima. Wanakuwa watoto wanaoelewa na hawawezi kusema, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote ninayoyaona kazini: mtoto anasemwa mbele yake na anasikia.

Au hasikii, na hili ni la haraka. Bilirubini hupenda pia njia ya neva ya sikio. Anaweza kugeuka mlango ukibamizwa, na bado maneno yakamfikia kama redio iliyotoka nje ya stesheni. Kipimo cha kawaida cha sikio kinaweza kusema yuko sawa na hayuko, kwa hiyo omba kile kinachopima mawimbi ya neva hadi kwenye ubongo. Muhimbili wana wataalamu wa masikio, na tangu 2017 wanapandikiza vifaa vya usikivu kwa watoto. Sisemi mwanao atahitaji, ila kila mwezi unaopita bila kujua ni mwezi wa lugha unaopotea.

Macho nayo: wengi wa watoto hawa hupata shida kuyainua juu. Ukitaka kumpa nafasi ya kuchagua, usishike kikombe juu na ndizi chini. Kaa mbele yake, usawa wa uso wake, kikombe mkono wa kulia, ndizi mkono wa kushoto, uliza, kisha nyamaza. Hesabu polepole hadi kumi. Atakapotua macho upande mmoja, mpe kile hicho hicho hata kama unadhani amekosea. Akigundua kwamba jicho lake linaleta ndizi, amepata "ndiyo" na "hapana" yake ya kwanza.

Atapona? Jeraha lenyewe halitaondoka, na pia halitaongezeka. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hapotezi uwezo aliokwisha kuupata kwa sababu ya jeraha hilo, hivyo akianza kurudi nyuma, asiweze tena alichoweza mwezi uliopita, kuna jambo jingine la kuchunguzwa. Kinachobadilika ni mwili. Misuli inayovutwa upande mmoja hufupika, nyonga huteleza kutoka kwenye tundu lake, mgongo hupinda, na hayo yanazuilika kwa kiasi kikubwa yakifuatiliwa mapema. Omba picha ya eksirei ya nyonga afikapo kama miaka miwili.

Atatembea? Sitakudanganya. Wataalamu wa mazoezi hupanga uwezo wa watoto hawa katika ngazi tano, kuanzia anayetembea na kukimbia hadi anayehitaji kushikiliwa kichwa na kiwiliwili. Mtoto anayekaa bila kushikwa kabla ya miaka miwili mara nyingi huja kutembea. Ambaye shingo haijashika kufikia umri huo, kutembea kwa miguu yake bila msaada huwa nadra. Mwanao ana miezi minane mbele yake kufikia hapo, na mazoezi yana maana, lakini nisingependa kila juhudi na kila shilingi iende kwenye miguu wakati chakula, mkao na mawasiliano vinasubiri. Binti wa jirani usimfanye kipimo. Alianzia mahali pengine.

Niseme kwa kirefu kuhusu kula, kwa kuwa hukuuliza na ndiko hatari kubwa ilipo. Watoto wengi wenye hali hii hulishwa wamelazwa mapajani, kichwa kimeangukia nyuma, uji unamiminwa. Jaribu wewe mwenyewe kumeza maji ukitazama dari. Koo linafunguka upande wa mapafu. Fanya hivi: keti kwenye kiti kifupi, mguu wako mmoja juu ya kigoda, mweke mtoto mapajani ameketi, makalio yamerudi nyuma kabisa, magoti yamepanda juu kuliko nyonga. Huko kukunja nyonga ndiko kunakovunja ule mkazo wa mgongo. Mkono wako upite nyuma ya mabega yake uyalete mbele kidogo, kidevu kikielekea kifuani. Uji uwe mzito wa kukaa kwenye kijiko, usio na mabonge. Kijiko kiwe cha plastiki kigumu, maana cha chuma aking'ata ataumia. Kilete kutoka chini, kitulie juu ya ulimi, subiri afunge mdomo mwenyewe. Ongeza siagi ya karanga, tui la nazi au parachichi, kwa sababu mwili usiotulia unachoma chakula kingi. Nusu saa ikipita, acha, mpe tena baadaye. Akikohoa kila mlo, sauti ikawa kama ina maji, au kifua kikimrudia mara kwa mara, chakula kinaingia mapafuni: mpeleke, usingoje siku ya kliniki.

Mkao ule ule auendeleze kwenye kiti. Si lazima kiwe cha duka. Vipo viti vinavyotengenezwa kwa maboksi na karatasi zilizogandishwa tabaka kwa tabaka kwa gundi ya unga, ufundi ulioanzia Zimbabwe, vikikauka vinabeba mtoto bila shida. Fiziotherapia, yaani wataalamu wa mazoezi ya viungo, wakishampima, fundi yeyote mwenye subira anaweza kukitengeneza kwa vipimo vyao. Ukimbeba mgongoni, kanga ipande hadi ishike kichwa.

Dawa zipo, kama baklofeni na benzeksoli, na kwa baadhi ya watoto hupunguza mkazo kiasi cha kulala na kulishwa vizuri. Kwa wengine hazifanyi lolote, au zinazidisha usingizi. Daktari huanza na kidogo, anaongeza polepole. Baklofeni haikatishwi ghafla hata siku moja, ni hatari. Sindano za kulegeza msuli na upasuaji wa kurefusha kano huwafaa zaidi watoto kama wa jirani, ambao mkazo wao hauhami. Na ukiletewa habari za kwenda nje kupandikizwa seli shina, jua kwamba mpaka leo hakuna uthibitisho kuwa zinaponya hali hii. Msiuze kiwanja.

Hapo Tanga anzia hospitali ya mkoa ya Bombo, omba kuonana na daktari wa watoto na fiziotherapia, ubebe ile video na kadi yake ya kliniki. Wakihitaji kukupa rufaa, CCBRT Dar es Salaam na KCMC Moshi wana uzoefu mkubwa na watoto hawa. Mkimbize siku hiyo hiyo akipata degedege la zaidi ya dakika tano, akishindwa kumeza kabisa, au akikaza kwa saa nyingi bila kutulia huku anatoka jasho, mwili wa moto na mkojo mweusi.

Nimalizie na nguo za sandukuni, pamoja na huyo aliye tumboni. Mkosi haupo, ila naomba unijibu: humo sandukuni mlikuwa mmeweka vile vidonge vyeupe vya kufukuza nondo? Hiyo ni naftalini. Ukanda wetu wa pwani una watu wengi wenye upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD. Upungufu huo ulienea kwenye maeneo ya malaria kwa sababu uliwakinga wazee wetu, na huonekana zaidi kwa wavulana. Mtoto mchanga mwenye nao akivuta harufu ya naftalini, damu yake huvunjika kwa kasi na manjano hupanda. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwenu, na hata kama ndivyo, hakuna aliyewaambia. Mama hakosei kwa kumvisha mtoto nguo za kaka yake, wala kwa kumwanika alipoambiwa amwanike. Mwambie daktari apime G6PD ya mwanao, maana ikiwa ana upungufu huo zipo dawa, zikiwemo baadhi za malaria, ambazo hapaswi kupewa maisha yake yote.

Kwa mimba hii, hakikisha kundi lako la damu limeandikwa kwenye kadi. Kama ni negatifu kuna sindano ya kukinga, kama ni O wakunga wajue. Waambie kuanzia sasa, na uwakumbushe chumba cha kuzalia, kwamba mtoto aliyetangulia aliumizwa na manjano. Nguo za mtoto zifuliwe, zianikwe juani siku kadhaa, naftalini itoke nyumbani. Akizaliwa usikubali kuruhusiwa kabla ya saa 24, mnyonyeshe mara kwa mara, na siku ya tatu mrudishe apimwe bilirubini hata kama anaonekana mzima. Kwa ngozi yetu usitegemee rangi ya uso. Mtazame mchana, mlangoni penye mwanga: weupe wa macho, fizi, halafu bonyeza unyayo kwa kidole uachie. Manjano ndani ya saa 24 za kwanza, au yaliyofika kwenye nyayo, au mtoto anayesinzia na kuacha ziwa, hayo ni ya taa za bluu saa hiyo hiyo, na pengine kubadilishiwa damu. Jua la asubuhi haliwezi kazi hiyo, na linakula saa ambazo mtoto anazihitaji.